Nati ya Gurudumu la Kushoto

Arobaini ya mama ilipokwisha, mama wadogo waligawana kanga zake, sufuria kubwa za shughuli zikaenda kwa jirani aliyemuuguza, na mimi nikaulizwa mara tatu ninataka nini. Nikasema nataka kile chuma cha dirishani. Mama mdogo akanitazama kwa huruma, kama anayejiuliza msiba umenifika wapi. Akaniletea: nati moja kubwa, nene, kona zake zimeliwa hadi zikakaribia duara, nyeusi kwa miaka ya kuvunjia mise, zile kokwa za michikichi. Nikainusa. Ilikuwa na harufu ya mawese na mafuta ya taa, au labda nilitaka iwe nayo. Nikakaa nayo mapajani mpaka wageni walipoanza kuaga.

Nyumba yetu ilikuwa Ujiji, upande wa kushukia ziwani. Ilikuwa miaka ile ya wakimbizi, na ninyi wa rika langu hamhitaji kuelezwa: mablanketi ya rangi moja yameanikwa kwenye kila ua, darasani kila wiki sura mpya, na asubuhi unakwenda kuteka maji unakuta ufukoni watu wamekaa juu ya mafurushi yao, wamenyamaza. Baba alikuwa na pikapu ya zamani aliyobebea mawese kutoka Simbo, kwao mama, mpaka sokoni. Miezi ile boti zilipokuwa zinafika zimejaa watu kutoka Burundi, aliibebea na watu. Aliwachukua ufukoni, wengine akawapeleka walikoandikishwa, wengine akawafikisha Simbo kwa wenyeji ambao lugha yao na Kirundi zinasikilizana kama watoto wa mama mmoja. Mama alikuwa akimtania kwamba gari limekuwa la umma, yeye amebaki dereva.

Baba hakujaliwa mtoto wa kiume, na sikumbuki jambo hilo likimnyima usingizi. Alinichukua mimi. Nilipokuwa darasa la pili nilijua jina la kila spana, na kabla sijalimaliza jedwali la kuzidisha la tatu nilikuwa nimeshakariri wimbo wake mmoja wa ufundi: kulia funga, kushoto fungua. Niliuimba nikifungua chupa, nikifungua mfuniko wa ndoo ya grisi, nikiwakosoa watoto wenzangu waliokuwa wakihangaika na bomba la shule. Nilikuwa mtoto wa kuchosha, nakiri, lakini kwenye mambo ya nati hakuna aliyenipata na kosa.

Kabla baba hajaugua, gurudumu la nyuma la kushoto lilikuwa limeanza kulia. Sauti ile ilianza kama nyuki mmoja, ikawa mzinga. Baba akasema ni beringi, akainunua mpya pamoja na nati yake, akaziweka kabatini zikiwa zimefungwa kwenye karatasi ya mfuko wa saruji. Jumapili angekwenda na gari kwa fundi wa mjini. Jumapili hiyo alikuwa kitandani na homa, na Jumapili iliyofuata tulikuwa tumeshamzika.

Gari likabaki uani pale alipoliegesha. Mama akakaa eda, miezi minne na siku kumi, na masika yote yaliliangukia gari lile. Kuku wakataga chini yake. Mimi nilikuwa nikipanda ndani ya kibanda cha dereva, nafunga mlango, nakaa upande wa abiria uliokuwa wangu siku zote, nanusa kiti cha baba. Mama naye kila siku, akimaliza kazi zake, aliweka kigoda kwenye baraza ya nyuma na kulitazama gurudumu la kushoto. Alilitazama kwa saa nzima. Nilielewa, kwa akili yangu ya miaka tisa, kwamba anamngoja baba. Nilielewa pia kwamba hataki mtu aliguse gari lile, kwa sababu mimi mwenyewe sikutaka. Mtoto akipenda kitu hudhani nyumba nzima inakipenda vilevile.

Eda ilikwisha Jumanne. Jioni yake baba mkubwa akaja, kaka yake baba, mtu mrefu mwenye kofia safi ambaye hakuwahi kupaza sauti na kwa hiyo hakuna aliyejua namna ya kumbishia. Nilimwamkia shikamoo, akanishika kichwa, akakaa.

"Shemeji," akasema, "pole tena. Sasa tuzungumze la gari. Chuma kinaoza pale nje. Nimempata mtu, atalichukua hivyo hivyo lilivyo, alikate vipande. Yule anayetaka ekseli atapata ekseli, anayetaka bodi atapata bodi."

"Likitembea je?" mama akauliza.

"Likitembea na nani?"

Mama akasema, "Nipe mpaka Jumamosi. Likiwa halijatoka kwenye ua huu kwa magurudumu yake, mlete mtu wako. Sitatia neno."

Baba mkubwa akatafakari, akaona Jumamosi si mbali. "Mpaka Jumamosi," akakubali. Nadhani alifikiri anampa mjane muda wa kuagana na gari. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyezika mdogo wake, na kila alipolitazama gari lile alimwona.

Jumatano Fundi Seif akaja na vyombo vyake. Huyu alikuwa jirani yetu, fundi wa injini za boti, na baba akiwa hai walikuwa wakishindana nani mkali zaidi. Akanyoosha kile kibati kinachokunjwa juu ya nati ili isijilegeze, akahakikisha gurudumu limekaa chini, akaweka mawe mbele na nyuma, akanituma nikae ndani nikanyage breki. Akaingiza spana ya boksi ya baba kwenye nati, akapitisha chuma, akavuta. Nati haikusogea. Akaruka juu ya chuma kwa miguu miwili. Haikusogea. Akaita vijana wawili waliokuwa wakipita na nyavu zao, wakaruka watatu, chuma kikapinda kama kijiko.

"Imeshikana na kutu," akasema. "Masika yote hii ilikuwa inakunywa maji."

Alhamisi alirudi na chuma kinene zaidi na nyundo. Uani kukajaa watu, maana Ujiji kitu kikigoma kufunguka kila mtu ana dawa yake. Mmoja akasema tuipashe moto, ikapashwa kwa mkaa. Mwingine akasema tuimiminie mawese. Mama akasema mawese yakipoa huganda, huyo atakuwa anaipa blanketi, akaleta kibatari akamimina mafuta ya taa. Wakaruka, wakapiga, wakavuta kushoto kwa pumzi zao zote, na kila walipovuta spana iliteleza na kona za nati zikazidi kuliwa. Kufikia alasiri Fundi Seif alikuwa ameketi chini anafuta jasho kwa shati lake.

"Mama Zuhura," akamwambia mama kwa upole, na Zuhura ndiye mimi, "nakwambia kama ningemwambia dada yangu. Hii haifunguki. Kona zikiisha kabisa ni kukata, na ukikata umeharibu ekseli."

Mama akamshukuru, akampa uji. Watu walipotawanyika akachukua sindano yake ya kushonea mikeka, akapiga magoti mbele ya gurudumu, akaanza kuchokonoa kutu kwenye ncha ya ekseli, pale inapochomoza kidogo katikati ya nati. Alichokonoa, akapuliza, akapangusa kwa pindo la kanga, akapitisha ukucha wa kidole gumba juu ya meno ya chuma, polepole. Akapitisha tena. Kisha akakaa kitako kwenye vumbi, akalitazama gurudumu kama alivyolitazama miezi yote ile.

"Kesho tutaisukuma kulia," akasema.

"Mama, kulia ni kufunga," nikamwambia. Nilishangaa kwamba hajui.

"Najua kulia ni nini. Na usimwambie mtu. Wala Fundi, wala baba yako mkubwa."

Hapo nikaelewa kila kitu. Nilipigwa na furaha mpaka nikashindwa kula. Mama hakutaka kuifungua nati ile. Alitaka kuikaza, kuikaza mpaka isifunguke milele, ili Jumamosi mtu wa baba mkubwa aje na misumeno yake ashindwe kulichukua hata gurudumu moja, na gari la baba libaki pale pale alipoliegesha na kiti chake kikiwa na harufu yake. Niliona ni hila ya akili kupita zote nilizowahi kusikia, na kwamba kati ya watu wote mama amenichagua mimi niitunze. Usiku nililala nimeuma midomo nisije nikaropoka ndotoni.

Ijumaa asubuhi walikuja wanawake wanne kutoka Simbo. Mama alikuwa amewapelekea salamu kwa mtu wa baiskeli. Wote walikuwa Warundi waliofika na boti mwaka uliotangulia, na walifanya kazi na bibi yangu kwenye mashine ya kukamulia mawese. Walikuwa wamepita mashambani tangu alfajiri ili wasikutane na maswali ya vibali barabarani, na kichwani walikuwa wamebeba, wawili mbele na wawili nyuma, bomba la chuma refu kuliko gari letu. Ndilo bomba la kusukumia mashine. Siku hiyo Simbo hakukukamuliwa kitu.

"Amahoro," akasalimia kwa Kirundi aliyekuwa mbele, Mama Ezekieli, mwanamke mfupi mwenye mabega mapana. Akatua bomba, akalizunguka gari, akaweka kiganja kwenye bodi ya nyuma. "Hii gari ndiyo ilitubeba siku ile ya mvua. Bwana wako alitupa na koti lake, tukafunika watoto. Ni wapi panauma?"

Mama akawaonyesha.

Sasa niwaeleze kidogo ile mashine, kwa ambao hamkulia karibu na michikichi. Ni pipa la chuma lenye matundu, na katikati parafujo nene kama mguu wa mtu. Chikichi zilizochemshwa na kupondwa zinatiwa ndani, halafu watu wanashika bomba refu na kuizunguka mashine wakisukuma, na parafujo inashuka ikikamua. Kazi hiyo haitaki nguvu za kushtukiza. Ukiishtua mashine inakutemea mafuta ya moto usoni. Unaegemea, unangoja, unavuta pumzi, unaegemea tena, na wote mnaegemea mara moja kwa sababu mnaimba. Mama alizaliwa kwenye kazi hiyo. Yeye ndiye aliyekuwa akipewa jukumu la kuisafisha parafujo na kuipaka mafuta tangu akiwa mdogo kuliko nilivyokuwa mimi.

Wakaingiza spana kwenye nati na kuifunga vitambaa iikamate barabara, wakalipitisha bomba kwenye mkono wa spana, likaenea kulia mpaka karibu na jiko. Jirani mmoja mwanamume, aliyekuwa ameegemea ua anatazama, akacheka.

"Mnaikaza, akina mama. Wanaume wameshindwa kuifungua, ninyi mnaifunga?"

Nikamchukia mtu yule kwa kukaribia hivyo kuigundua siri yetu. Mama aliweka jiwe kubwa kwenye kanyagio la breki mahali pangu, akaja kwenye bomba, akaniambia nami nishike. Tukawa sita.

Mama Ezekieli akaanza. Haukuwa wimbo wa maneno mengi. Alisema "buhoro, buhoro" kwa sauti ya chini, taratibu, taratibu, na wenzake wakamwitikia "ego," yaani ndiyo, na kwenye ile ego wote wakalilalia bomba kuelekea chini. Hawakuruka. Waliegemea tu na kungoja, mabega yao yakitetemeka, kisha wakalegeza. Buhoro. Ego. Tena. Bomba likapinda kidogo, likakaa. Nikaona jasho likimtiririka mama kwenye shingo. Mimi nilisukuma kwa kila kilichokuwa ndani yangu. Niliwaza: kaza, kaza, kaza asiifungue mtu. Nilisukuma kwa ajili ya kiti cha baba. Sijawahi kusukuma kitu namna ile tena maishani mwangu, na nimezaa watoto watatu.

Mara nati ikalia. Ilitoa mlio mkali, mfupi, kuku wote wakaruka, na bomba likashuka na sisi wote mpaka chini.

"Tumeivunja," nikasema, nikaanza kulia. Nilijua nimesukuma kupita kiasi, na kwamba gari la baba limevunjika kwa mikono yangu.

Mama alikuwa amekaa chini, miguu imenyooka kama mtoto, anacheka. Tangu siku ya mazishi sikuwa nimemsikia akicheka, na nilikuwa nimesahau kwamba cheko lake lilikuwa kubwa kiasi kile. Akanivuta kifuani, akaingiza mkono kwenye spana, akaizungusha kulia kwa vidole viwili tu. Nati ikatoka ikaangukia kiganjani mwake, imejaa kutu na ina joto.

Fundi Seif alikuja mbio kwa ule mlio. Akaitazama nati, akamtazama mama.

"Umeifunguaje?"

"Kwa kulia," mama akasema. "Njoo uone." Akampigisha magoti, akamwekea ukucha wake kwenye ncha ya ekseli. "Parafujo yetu ya Simbo meno yake yanapanda kuelekea kulia. Haya yanapanda kushoto. Upande huu wa gari waliyachonga kinyume. Siku mbili mlikuwa mnaikaza."

Fundi Seif akapitisha ukucha mara moja, mara mbili. "Marehemu gurudumu hili alikuwa akilipeleka mjini," akasema mwishoni. "Hakuwahi kunionyesha."

"Wala mimi. Nimekaa eda nzima nalitazama, najiuliza kwa nini kibati chake kimekunjwa upande tofauti na cha kulia."

Kwa hiyo hakuwa akimngoja baba. Alikuwa akifikiri. Nilisimama pale na makamasi yangu, nikawatazama wale wanawake wanne wakipangusa bomba lao, na mama akiinuka kuwachemshia chai, na jirani wa kwenye ua amepotea ghafla. Fahari ilinijaa kifuani. Nilikuwa bado sielewi vizuri nimeifanya kazi gani, ila nilijua nimo miongoni mwa waliofanya.

Fundi Seif aliiweka beringi mpya siku hiyo hiyo, akakataa asilani mtu mwingine amshikie hata kitambaa. Alfajiri ya Jumamosi mama akaingia upande wa dereva. Watu wengi hawakujua kwamba baba alimfundisha kuendesha zamani, kwenye njia ya Simbo, ambako hakuna wa kuwacheka. Leseni alikuja kuipata baadaye, hayo tuyaache. Tukawarudisha Mama Ezekieli na wenzake kwa gari, bomba likining'inia nyuma na kitambaa chekundu kwenye ncha, nao wakiimba kwa sauti kubwa sasa. Gurudumu la kushoto halikutoa hata mlio wa nyuki. Tukapakia madebe ya mawese ya bibi, tukarudi.

Baba mkubwa alikuwa uani na mtu wake, wamesimama katikati ya yale mawe matupu. Mama akazima injini. Baba mkubwa alikuja mpaka kwenye gurudumu, akachuchumaa na kanzu yake safi, akaigusa nati mpya. Kisha akamgeukia yule mtu.

"Samahani sana, bwana. Gari lina mwenyewe."

Halafu akamuuliza mama kama anapita sokoni. Mama akasema anapita. Kiti cha mbele kilikuwa changu, na sikuhama. Baba mkubwa akapanda nyuma, akakaa juu ya debe la mawese, ameshika kofia yake, akipita Ujiji nzima mbele ya macho ya watu akiendeshwa na shemeji yake.

Nilikuwa nimeshaolewa nilipokiri kwa mama kwamba siku ile sote tulishika bomba moja lakini mimi peke yangu nilikuwa ninakaza. Alicheka mpaka akakohoa. "Ndiyo maana ulisukuma vile," akasema. "Nilijiuliza siku zote nguvu zile mtoto alizitoa wapi." Kisha akaendelea kuvunja mise zake kwa nati ile ile, ambayo hakutaka itupwe.

Siku ya arobaini, wageni wakiwa wanaaga, baba mkubwa aliniona nayo mapajani. Sasa ni mzee wa kushikwa mkono, macho yameingia ukungu. Akaniomba. Akaizungusha kwenye vidole, akaingiza ukucha ndani, akafuata meno yake polepole, na wajukuu wakaanza kumsogelea kutaka kujua babu ameshika nini.

"Hii ni ya gari," mmoja akasema. "Unaifungua kwa kushoto."

"Nani kakwambia?" baba mkubwa akamuuliza. "Kaa chini. Kaeni wote. Hii ilifunguliwa kwa kulia, na aliyeifungua ndiye tuliyemzika."